Seremala Aliyeuza Hisa kwa Kijicho

Ndugu zangu, haya sikusimuliwa. Ukuta wangu umegusana na karakana ya seremala huyu, na masikio ninayo.

Jumamosi ile asubuhi ilitulia. Seremala alikuwa akipiga randa mlango, mkewe akipaka kiti vanishi, redio ikiimba taratibu. Kisha akapita muuza magazeti, seremala akanunua lake la kila Jumamosi, na amani ikaondoka.

Mdogo wake seremala aliandika safu ya hisa katika gazeti hilo. Kazi yake ilikuwa kutafuta kampuni nzuri zilizokimbiwa na watu, kununua hisa zake zikiwa rahisi, kisha kutulia miaka. Watu walimwita Bwana Subira. Alianza na viatu vilivyotoboka. Sasa watu wazima walimsimamisha barabarani kumwomba ushauri. Picha yake juu ya safu, meno yote nje, ilimchoma kaka yake rohoni. Ndiyo, wivu. Niuite nini tena?

Siku hiyo Bwana Subira aliandika: "Wenye hisa za kiwanda cha saruji, nawasihi msiuze. Bei imeanguka kwa woga tu. Kiwanda kina ardhi, kina mitambo, na kinauza kila siku."

Baba yao alifanya kazi kiwandani humo, akawaachia hisa nusu kwa nusu. Seremala alikusudia fungu lake linunue karakana aliyopanga, maana mwenye nyumba alishasema ataiuza.

"Ananifundisha mimi!" alifoka. "Mtoto niliyemfunga kamba za viatu! Nikifanikiwa, watasema ni kwa akili zake."

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "tazama kilichoandikwa, usitazame aliyeandika."

"Nauza. Tena Jumatatu!"

Akauza kweli, kwa bei ya kutupa. Fedha akazitia katika kampuni ya simu iliyotangazwa kila kona, ile ile ambayo mdogo wake aliwahi kuikosoa. Mnaona wenyewe: hakuchagua kampuni, alichagua kumkomoa ndugu yake.

Kampuni ya simu ikafunga milango. Saruji ikapanda hadi ikapita bei yake ya zamani. Mwenye nyumba akamuuzia karakana mtu wa vipuri vya magari, na mimi nikasaidia kubeba meza ya kazi hadi barazani kwa seremala.

Hapo ndipo mdogo mtu alipokuja.

"Shikamoo, kaka."

"Umekuja kunicheka?"

"Kaka, ile safu niliiandika kwa ajili yako. Nilikupigia simu wiki nzima, hukupokea. Nikasema, gazeti langu hulikosi."

Kweli hakulikosa. Kila Jumamosi alilisoma hadi mstari wa mwisho, akitafuta kosa. Seremala akakaa juu ya ubao, akalia mbele yetu sote bila kuficha uso.

Alipoinuka kuuhamisha ubao ule, mdogo wake akavua koti, akashika ncha ya pili.

"Hata ubao hujui kushika," seremala akanung'unika, akipangusa macho. Lakini hakumfukuza.

Funzo

Ndugu yako akifanikiwa, furahi naye. Ukishindwa kufurahi, basi angalau msikilize. Soko la hisa halikumnyang'anya seremala karakana. Aliipoteza mwenyewe, siku aliyoona ni afadhali apate hasara kuliko kumwambia mdogo wake asante. Na wewe unayesoma haya ukitikisa kichwa, ni simu ya nani usiyoipokea?