Uji wa Mutindi Siku ya Mfungo

Kila asubuhi Nzomo alimchana mke wake nywele. Alichana vibaya mno, na Mutindi hakukosa kumtania.

"Baba Kiema, hiki ni kichwa, si shamba la kupalilia!"

Walicheka, lakini shida ilikuwepo. Mutindi hakuweza kuinua mikono, wala kuinuka kwenye kigoda. Kope zake zilivimba zikageuka zambarau. Watu wa kijiji chao cha Nuu walinong'ona kwamba amerogwa.

Nzomo hakusikiliza. Alimpeleka hospitali kubwa.

"Misuli imevimba kwa ndani," daktari alisema. "Kwa mtu mzima, ugonjwa huu wakati mwingine huja pamoja na saratani. Lazima tutafute."

Walipata saratani kwenye titi, ikiwa bado ndogo, wakaitoa. Kwa misuli, Mutindi alipewa vidonge vya prednisoloni, ameze kila asubuhi akishakula. Polepole akaanza kuinuka mwenyewe. Furaha iliyoje!

Kisha mvua ikakosekana. Kanisa likatangaza mfungo wa siku tatu.

"Mungu ameniinua," Mutindi alisema. "Nitakosaje kufunga?"

Vidonge vilitaka chakula. Basi kwa kuwa hakula, vidonge pia akaviacha. Siku ya tatu alitapika, akaanguka jikoni. Nzomo alimkimbiza kituo cha afya kwa mkokoteni wa punda.

Nesi wa hapo, Sista Waringa, aliuliza mara moja, "Mama, dawa ulimeza lini?"

"Kabla ya mfungo, Sista. Si nilikuwa nimepona?"

"Uui, mama! Mwili umezoea dawa hii. Ukiiacha ghafla unaweza kufa. Daktari ndiye huipunguza, kidogo kidogo."

Alimdunga sindano, akamwekea dripu. Mutindi alipopata nafuu, nesi aliketi kando yake.

"Jua huamsha vipele vya ugonjwa huu, kwa hivyo vaa mikono mirefu. Nyoosha viungo kila siku, bila kujilazimisha. Chakula kikikwama kooni, au ukipata homa, usingoje nyumbani. Na kliniki ya saratani usikose, hata kama husikii uchungu."

Mutindi alilia. "Nilitaka tu kumshukuru Mungu."

"Mshukuru ukiwa umekula, mama."

Pasta Jonah alikuja kumwona. Alikuwa amehuzunika sana.

"Mama Kiema, nilitangaza mfungo bila kufikiria wagonjwa. Kuanzia leo, wenye dawa wataomba wakiwa wamekula."

Mwaka uliofuata mfungo ulitangazwa tena. Asubuhi hiyo Mutindi alikunywa uji, akameza dawa, ambayo sasa daktari alikuwa ameipunguza. Akavaa mikono mirefu na kitambaa cha kichwa, akaenda kanisani na mume wake.

"Nani ana ushuhuda?" Pasta Jonah aliuliza.

Nzomo alinyoosha mkono amsaidie mkewe kuinuka, kama alivyozoea. Mutindi hakuushika. Alisimama mwenyewe.

"Ndugu zangu, leo nimekunywa uji na nimemeza dawa. Ndiyo maana mnaniona nimesimama. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Sista Waringa. Na wewe, Baba Kiema, asante. Lakini nywele nimechana mwenyewe!"

Kanisa likaangua kicheko. Mutindi akainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, na Nzomo akalia mbele ya watu wote bila kuona haya.