Usimwitikie Kasuku

Kasuku alishinda siku nzima bila kusema kitu. Ilipofika saa kumi alasiri, manyunyu ya kila siku ya mji wa Orizaba yakiwa ndiyo kwanza yameanza, aligeuza kichwa kuelekea uani ambako hapakuwa na mtu, akavimbisha manyoya ya shingo na kufoka:

"Nini! Unataka nini wewe? Hakuna mtu hapa! Toka!"

Obdulia aliangusha mkasi. Sauti ilikuwa ya marehemu Bi Crescencia, jirani yao, aliyezikwa Jumanne.

"Ehe, bibi amerudi kudai tundu lake," alisema Nicanor, mumewe, huku akicheka. Nicanor alikuwa fundi wa majokofu na alicheka kwa jambo lolote lisilohusu umeme.

"Hakuna cha kuchekesha. Lugha gani hiyo mbele ya mtoto?"

Mtu akinunua punda, anamkagua meno. Akitaka kuoa, anauliza ukoo. Lakini kasuku asemaye, mwenye maneno ya miaka arobaini kinywani, watu humchukua kwa sababu kichwa chake ni cha manjano na tundu lake ni la shaba. Hawaulizi alijifunza kwa nani, wala maneno yale alikuwa akimwambia nani. Wapwa wa Bi Crescencia waligawana vitanda, makabati, hata sufuria. Kasuku akabaki barazani, Obdulia akamwonea huruma. Alitaka pia mwenzi wa kumsemesha wakati akishona sare za shule. Hilo tu ndilo alilolifikiria, na mimi simlaumu, maana wengi hufikiria hata pungufu ya hapo.

Nicanor alimpa jina la Wakili, kwa kuwa alikuwa na maneno mengi na hakuna alichokisaidia.

Sasa ni lazima nieleze habari ya Obdulia na adabu. Kwao mtoto akiitwa hajibu "nini". Anaitika "Mande," yaani niamuru. Siku hizi wapo watoto wanaosema "nini" na mbingu haijaanguka, ila nyumbani kwa Obdulia neno hilo lilikuwa na bei yake, nayo ilikuwa kofi. Binti yake Nereida, wa miaka tisa, alisifiwa mtaa mzima. Unamwita mara moja, unasikia "Mande?" na miguu imeshafika. Obdulia alijivunia hilo kuliko nguo zote alizowahi kushona. Bi Crescencia naye alikuwa kinyume chake. Kwa miaka themanini na sita hakuna aliyewahi kumsikia akiitika kistaarabu. Hata padri akimwamkia, jibu lilikuwa lile lile: "Nini?"

Kwa hiyo Obdulia aliamua kumfundisha ndege adabu. Kila alasiri Wakili alipokodolea macho uani na kufoka, alimfunika tundu kwa kitambaa cheusi. Akitulia, alimfunulia, akampa kipande cha ndizi na kumwambia taratibu, "Mande. Sema Mande."

"Mke wangu, mwache mzee wa watu," alisema Nicanor. "Huyo atatuzika sote wawili. Akikusamehe ni bahati yako."

"Akituzika, atatuzika kwa heshima."

Siku ya kumi na mbili, saa kumi ile ile, Wakili aligeukia uani. Safari hii manyoya hayakuvimba. Alisema kwa sauti laini, "Mande?"

Obdulia alipiga makofi kwa furaha, akaenda kutafuta ndizi. Aliporudi alimkuta ndege bado ameinamisha kichwa upande mmoja, bila kupepesa jicho, anasikiliza. Alisikiliza muda mrefu sana. Ndizi hakuitaka.

Tangu siku hiyo Wakili hakufoka tena. Alianza kusema kwa sauti ya Obdulia.

Mwanzoni ilikuwa ni kichekesho. "Nereida, leta mkasi!" Mtoto analeta mkasi, anakuta chumba hakina mtu ila ndege. "Nereida, funga mlango!" "Nereida, nawa mikono!" Nicanor aliwaambia mafundi wenzake kwamba sasa ana wake wawili, wote wanakemea na hakuna hata mmoja anayempikia. Obdulia mwenyewe alicheka, ila kitu kidogo kilimchoma. Hakuwa amejua kwamba sauti yake humo ndani haina neno lolote ila amri.

Kisha harufu ikaingia. Kila ilipokaribia saa kumi, chumba cha kushonea kilinuka matope ya kisima, matope ya chini kabisa ambayo hayajawahi kuona jua, na vitambaa vya sare vikawa vibichi mkononi japo dirisha limefungwa. Kisima kilikuwa uani. Zamani nyumba yao na ya Bi Crescencia zilikuwa moja. Ndugu wawili waligombana, wakajenga ukuta katikati, nao ukuta ukapita juu ya kisima, kila upande ukabaki na nusu ya mdomo wake.

Alasiri moja Obdulia alirudi kutoka dukani kununua nyuzi, akamkuta Nereida amesimama kando ya kisima, peku, nywele zimelowa chapachapa.

"Unafanya nini hapa na mvua yote hii?"

"Umeniita, mama."

"Mimi natoka dukani!"

"Umeniita. Nikasema Mande. Ukaniambia nivue viatu, nije hapa, nisubiri."

"Usubiri nini?"

Mtoto alifikiri. "Ulisema utaniambia kesho."

Obdulia alimkumbatia, akahisi mwili wa mwanawe umekuwa baridi hadi mgongoni, na ndani ya nyumba, kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo yeye kooni, kitu kikasema polepole, "Nereida, kesho."

Asubuhi, kabla hata ya kahawa, alikwenda sokoni kwa Bi Tránsito, mwanamke auzaye majani ya dawa na afanyaye zinguo kwa yai. Bi Tránsito alisikiliza yote bila kukatiza. Akauliza jambo moja tu.

"Yule ndege zamani alikuwa anasema nini?"

"Matusi. 'Nini, unataka nini, toka.' Nimemfundisha adabu."

Bi Tránsito aliacha kufunga mafungu yake ya mrehani. "Umemfundisha aseme nini badala yake?"

Obdulia alimwambia. Yule mama aliinuka, akafunika meza yake kwa turubai, biashara ya siku nzima akaiacha pale pale.

Walizunguka kwanza kutafuta sandarusi na yai la siku ile, wakafika nyumbani baada ya chakula cha mchana. Nicanor alikuwa amebaki nyumbani kumlinda mtoto, na hakucheka hata mara moja. Bi Tránsito alifukiza sandarusi kila pembe, akampapasa Nereida kwa mrehani kichwani, mabegani na nyayoni, akamviringishia yai mwilini, kisha akalivunja ndani ya glasi ya maji. Halikutoka kiini. Yalitoka matope meusi, yakatua taratibu chini ya glasi.

"Humo kisimani mna kitu," alisema Bi Tránsito kwa sauti ya chini. "Hakina nguvu juu ya mtu yeyote. Kinaita tu. Crescencia kilimwita maisha yake yote, naye alikijibu unavyojua. Mlidhani ni ufidhuli. Akazeeka, akamwachia ndege kazi ya kujibu."

"Na mimi..."

"Wewe ulimwachisha mlinzi kazi, binti yangu. Ukamfundisha aseme 'niamuru'. Kikamwamuru. Sasa kina mdomo, na mdomo huo una sauti yako, na mtoto wako ameshakiitikia mara ngapi?"

Obdulia alitaka kusema hajui. Alijua. Ni yeye aliyemzoeza, kofi kwa kofi.

"Nimpe parachichi," alinong'ona Nicanor. "Parachichi ni sumu kwa kasuku. Kesho tutakuwa tumemzika."

"Ukimuua, neno lake la mwisho ni Mande. Litabaki humu bila wa kulifuta. Aliyemfundisha ndiye wa kumfundisha upya."

"Na mtoto?" aliuliza Obdulia.

"Aliyejitoa kwa neno huokolewa kwa neno. Lakini si kwa amri. Amri zote kinazo."

Walikuwa bado wanaongea hivyo, vichwa vimekaribiana juu ya ile glasi, ndipo Nicanor alipotazama kiti cha mtoto na kukiona kitupu, viatu vimepangwa vizuri chini yake, na saa ya ukutani ikagonga kumi, na harufu ya matope ikaingia nzito kiasi kwamba sandarusi haikusikika tena, na wote watatu wakakimbilia mlango wa uani, wakamwona Nereida ameketi juu ya mdomo wa kisima, miguu yote miwili ndani, mikono magotini kama yuko darasani, mvua inamtiririka usoni naye hafumbi macho.

Bi Tránsito aliwakamata wote wawili kwa nguo. "Msimkimbilie! Mkimkimbilia ataruka."

"Nereida!" aliita Obdulia. "Shuka hapo!"

"Nereida," ikasema sauti yake nyuma yao, ndani ya tundu. "Shuka."

Mtoto aligeuza shingo. "Mande, mama. Nishuke wapi?"

"Huku! Huku kwangu!"

"Huku kwangu," ikasema sauti.

"Usimsikilize, mimi ndiye mama yako!"

"Mimi ndiye mama yako. Shuka."

Nereida alitazama mlango, akatazama kisima, na midomo yake ikaanza kutetemeka kwa sababu alikuwa mtoto mtiifu na hakujua tena amtii nani, na alivyozidi kutojua ndivyo alivyozidi kuteleza, kidogo, kidogo, kuelekea upande ambao sauti haikuwa na hasira. Obdulia alifungua kinywa akaona kila neno lililokuwemo lilikuwa amri, njoo, acha, rudi, simama, na kila moja lingetoka mara mbili. Ndipo alipopiga magoti kwenye maji ya uani, na sare aliyokuwa akiishona bado iko begani, akasema neno ambalo hakuna mkubwa wa mtaa ule aliyewahi kumwambia mtoto.

"Mande, Nereida."

Tundu likanyamaza.

"Mande, mwanangu. Siamuru tena. Niamuru wewe. Unataka nifanye nini?"

Mvua ilinyesha juu yao wote. Nereida alimwangalia mama yake pale chini, akamwangalia tena. Kisha uso wake ukakunjamana na kuwa wa mtoto wa miaka tisa.

"Nishike," alilia. "Mama, nishike, naogopa!"

Obdulia alimfikia kabla neno halijaisha. Alimnyakua kwa kwapa, wakaanguka kinyumenyume wote wawili matopeni, naye akamng'ang'ania mtoto hadi Nicanor alipowabeba pamoja.

Nicanor hakungoja mvua ikatike. Alifunika kisima kwa mbao za mlango wa stoo, akapigilia misumari mirefu. Bi Tránsito aliwasha mshumaa, akamnywesha mtoto maji ya mrehani. Obdulia alipomsindikiza hadi mlangoni, yule mama alimshika kifundo cha mkono.

"Ulilisema kwa mtoto. Lakini pale uani si mtoto peke yake aliyesikia."

"Najua," alisema Obdulia. "Ningelisema tena."

"Basi sasa utajifunza kuwa mfidhuli. Ukiitwa, jibu alivyojibu Crescencia. Jizoeze. Na ndege mzoeze."

Usiku kucha alijizoeza. Nicanor alimwita, "Obdulia," naye alitakiwa ajibu "Nini?" Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona hariri. Mara ya kwanza ilitoka "Man—" akajiziba mdomo. Mara ya kumi aliweza, wakacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Asubuhi aliketi mbele ya tundu na ndizi. "Sema Nini. Unataka nini. Toka." Wakili alikula ndizi zote, akamtazama kwa jicho la manjano, hakusema kitu.

Alasiri mvua ilikuja mapema. Nereida alikuwa mezani, bega lake limegusana na la mama yake, anaandika kazi ya shule. Nicanor alikuwa mlangoni na nyundo. Saa iligonga kumi.

"Mama," ikaita sauti ya Nereida.

Ilitoka uani, chini ya mbao.

Mtoto aliacha kuandika. "Si mimi," alinong'ona.

"Najua, mwanangu."

"Mama, nishike. Naogopa."

Kila mshipa wa Obdulia ulitaka kuitika. Alikuwa na neno tayari, lile la kifidhuli, amelishikilia ncha ya ulimi, na alilisema kwa sauti kubwa, vizuri kabisa, alivyojizoeza usiku kucha.

"Nini? Unataka nini? Toka!"

Kimya. Nicanor alishusha nyundo. Nereida alimbusu mama yake mkononi, na Obdulia, machozi yanamtoka, alianza kutabasamu.

Nyuma yao, ndani ya tundu la shaba, Wakili alijikuna kichwa kwa ukucha, akainama upande wa uani, na kwa sauti ya Obdulia, laini, yenye adabu, akasema:

"Mande?"

Obdulia alitazama miguu yake. Ilikuwa imeshaanza kuvua viatu.