Moyo wa Safu ya Tatu

Kheri Bandari alikuwa anamkimbiza jambazi juu ya paa la kituo cha treni-anga aliposimama ghafla, akakuna unyusi kwa kidole gumba, kisha akaendelea kukimbia. Ukumbi mzima wa Mwangaza, pale Ngamiani, ukaangua kicheko. Hakuna mtunzi aliyeandika kitendo kile. Mtambo ulikuwa umekijaribu tu, na kwa kuwa moyo wa mwanamke mmoja aliyeketi safu ya tatu uliruka alipokiona, kuanzia jioni ile Kheri Bandari akawa mtu wa kukuna unyusi.

Hivyo ndivyo filamu zilivyotengenezwa katika Tanga ya siku zile. Mtambo-Mtunzi, sanduku la chuma lenye kimo cha kabati la nguo, ulitunga filamu huku watu wanaitazama, na ilipokwisha tu ilipelekwa mkondoni, ikaingia majumbani kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Kheri mwenyewe alikuwa nyota-mtambo. Hakuzaliwa, hali, hadai mshahara wala hagombani na mtu, na mabinti wa Chumbageni walimpenda hivyo hivyo.

Zamani kampuni ilikuwa ikiwauliza watazamaji maoni yao. Ikaja kugundua kwamba watu huongopa kuhusu filamu kuliko wanavyoongopa kuhusu umri wao. Mtu aliyekoroma tangu mwanzo atakwambia filamu ina mafunzo mazito. Aliyelia atasema ana mafua. Basi Injinia Mbwana Shekiondo akaunda kiti-sikivu, kiti kinachosoma mapigo ya moyo wa aliyekikalia na kuyachora kwenye kioo kwa mstari wa kijani. Mstari ukipanda, Mtambo huelewa kwamba watu wamependa. Umepanda kwa raha au kwa uchungu, hilo Mtambo haukuuliza, na Mbwana aliona kuuliza ni kujisumbua bure.

Baada ya hapo akatafuta moyo-kipimo, yaani mtazamaji mmoja ambaye moyo wake huanza kuruka, na mioyo ya wengine hufuata. Kimoyomoyo alijua atakuwa yeye. Nani mwingine? Ni yeye aliyezijua filamu zote mpya, yeye aliyewakosoa wenzake kazini mpaka wakamkimbia wakati wa chai. Hesabu ikamwangukia Mwantumu, mkewe, mwanamke ambaye akiulizwa filamu ilikuwaje husema, "Nzuri, watu wamevaa vizuri."

Wivu wa Mbwana ulianzia hapo, na mwanzoni ulikuwa wivu mdogo tu wa kitaaluma. Akaumeza. Mwantumu akawekewa kiti chake safu ya tatu, na kila Ijumaa jioni alijifukiza udi, akajitanda mtandio, akaenda kutazama. Mbwana alikaa chumba cha mitambo nyuma ya kioo, akiuangalia mstari wa kijani wa moyo wa mkewe.

Tatizo ni kwamba mstari ulikuwa unasema mambo. Mapigano yalipotokea, ulitikisika kidogo. Kwenye vichekesho ukapanda wastani. Kheri Bandari alipoingia mlangoni na kusema "Hodi wenyewe", uliruka mpaka karibu utoke nje ya kioo. Na kwa kuwa Mtambo ulifuata mstari, kila Ijumaa Kheri alibadilika kidogo. Akapata pengo kwenye meno ya juu. Akapata sauti nzito yenye mkwaruzo. Mabega yakamshuka, tumbo likaanza kuonekana chini ya shati.

Watazamaji nao hawakunyamaza. Nje ya ukumbi palikuwa na Ukuta wa Maoni, ukuta laini unaousemesha, nao unayaandika maneno yako kwa herufi kubwa kila mtu ayaone. Kampuni iliuacha kwa heshima tu, maana haikuyasoma tena. Watu hawakujali. Walinunua kahawa na kashata, wakapanga foleni.

"Ya leo kali, ila Kheri ameanza kunenepa," alisema kijana mmoja.

"Mwacheni anenepe, ndiyo anapendeza," alijibu mama mwenye mtoto mgongoni. "Ile ya wiki iliyopita ndiyo ilikuwa takataka. Nimetazama mpaka mwisho kwa sababu ya bando langu."

"Wiki iliyopita ilikuwa na akili, wewe hukuielewa."

"Nieleweshe basi."

Kijana akabaki anatafuna kashata. Mbwana aliwasikia, lakini hakucheka. Alikuwa na lake moyoni. Mwanamume huyu asiye na nyama wala damu alikuwa anafanya nini ndani ya kifua cha mke wake?

Akabeba kiti-sikivu kimoja hadi nyumbani, akasingizia kwamba kina hitilafu. Akamkalisha Mwantumu kwenye kiti hicho, mezani, mwenyewe akavaa shati alilolinyoosha kwa mikono yake, akamletea halua ya sahani kubwa, akamsimulia jinsi walivyokutana kwenye harusi ya Pongwe. Huku anasimulia, jicho moja liko kwenye kioo kidogo alichokificha nyuma ya birika. Mstari ulikwenda taratibu, sawa kabisa. Ulipanda mara moja tu, sufuria ya maziwa ilipofurika jikoni.

"Mbona umeacha kusimulia?" Mwantumu aliuliza.

"Nimesahau nilipofikia."

Usingizi ukamruka. Mwanamume mzima, injinia wa kusifiwa, alikuwa anamwonea gere mtu wa picha. Alijiambia hivyo, akajicheka, na gere ikabaki palepale.

Ijumaa iliyofuata ndipo Bi Mwanamkasi alipousogelea Ukuta. Alikuwa mama wa makamo anayekaa Makorora, mpenzi wa filamu. Akasimama mbele ya watu, mikono kiunoni.

"Mimi maoni yangu ni haya. Filamu nimeipenda, lakini huyu Kheri wenu ni Jumbe mtupu. Jumbe, mtoto wa marehemu dada yangu. Pengo lile lile, unyusi ule ule anaukuna, na hodi yake ndiyo ile. Nani amewapa sura ya mtoto wetu?"

Maneno yakajiandika ukutani kwa herufi kubwa. Watu wakayasoma, wakasema mama huyu naye, wakaendelea na kahawa zao. Mbwana peke yake ndiye aliyeyasoma mara mbili.

Jumbe alikuwa mume wa kwanza wa Mwantumu. Alifariki kwa ugonjwa wa ini kabla Mbwana hajahamia Tanga. Mbwana hakuwahi kumwona hata kwenye picha, kwa sababu alipoposa alitoa ombi moja, kwa upole kabisa, kwamba picha zote za marehemu zirudishwe kwao. Mwantumu alizikunja kwenye kanga akazipeleka bila neno. Sasa Mbwana alielewa kilichofanyika. Picha zilikuwa zimerudishwa, lakini Mtambo ulikuwa umezichukua mahali ambapo hakuna mchumba anayeweza kuagiza zitolewe. Kipande kwa kipande, Ijumaa kwa Ijumaa, yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia kazi ya kumrudisha mwenzake duniani, na kampuni ikamlipa.

Angeweza kuacha kazi, au kumwondoa mkewe kwenye kile kiti. Angeweza hata kumuuliza. Lakini wivu ulikuwa umemkaba, na wivu ukimkaba mtu haumwachii nafasi ya kuuliza maswali ya adabu. Injinia wa zamu alikuwa na mamlaka ya kuingiza agizo moja katika kila filamu, kwa ajili ya dharura, na agizo hilo Mtambo haukuweza kulikataa. Ijumaa ilipofika, ukumbi ukiwa umejaa, Mbwana aliandika maneno mawili: Kheri afe.

Mtambo ukatii, ila ukatii kwa desturi yake, kwa kuuliza moyo. Kwanza ukamletea Kheri risasi. Mstari wa kijani haukusogea, na risasi ikapita pembeni. Ukajaribu kumwangusha kutoka ghorofani. Mstari ukasogea kidogo tu, na Kheri akadaka kamba. Kisha, bila mtu yeyote kutarajia, Kheri akaingia ndani ya nyumba, akasema ana uchovu, akajilaza kitandani. Macho yake yakaanza kuwa ya manjano.

Mstari ukapanda.

Mtambo ukaelewa kwamba njia ndiyo hiyo. Ukaleta bakuli la uji ambao mgonjwa hakuunywa. Tumbo likajaa maji. Ukaweka kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, na mkono wa mwanamke unaokigeuza, na kila ulichoongeza kilikuwa kweli, kwa sababu kila kisichokuwa kweli kilishusha mstari na Mtambo ukakifuta. Safu ya tatu Mwantumu alikuwa amesimama. "Jumbe," alisema, kwanza polepole, kisha kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya kioo. Mbwana aliweka mkono juu ya swichi ya umeme. Angeizima, yote yangeisha. Akamtazama yule mwanamume kitandani, akamtazama mkewe anavyomlilia, akaacha mkono wake palepale bila kubonyeza, mpaka Kheri Bandari alipokata roho.

Ukumbi mzima ulilia. Maoni yaliyofurika ukutani jioni ile hayajawahi kuonekana. "Nimelia mpaka kope zimevimba." "Hatimaye filamu ya watu wazima." "Mume wangu alisema ana vumbi jichoni, nyie." Mkondoni iliangaliwa kuliko filamu yoyote ya kampuni.

Mwantumu alirudi nyumbani. Alioga, akafuta wanja, akavua bangili na pete, akavaa nguo nyeupe. Kisha akachukua mto wake akahamia chumba cha pili. Mbwana alimfuata hadi mlangoni.

"Unafanya nini, mke wangu?"

"Nimekaa eda."

"Eda ya nani? Mwantumu, ile ni filamu. Mimi mumeo niko hapa nimesimama."

"Najua uko. Najua pia si sheria, na ukimwita shehe atanicheka. Lakini nimefiwa, Mbwana. Siwezi kulala kwa mwanamume mwingine nikiwa nimefiwa." Alinyoosha shuka, akakaa. "Na wewe ndiye uliyemuua. Ule mtambo unafuata moyo wangu, umeniambia mwenyewe. Moyo wangu hauwezi kuagiza afe."

Mbwana hakukana. Aibu ilimshuka toka kichwani, na chini ya aibu, nasema ukweli, wivu bado ulikuwepo. Alijiuliza kama siku atakapokufa yeye, mwanamke huyu atavua bangili upesi namna ile.

"Eda ina mwisho wake," alisema. "Miezi minne na siku kumi. Nitangoja. Ikiisha tutazungumza kama watu."

"Ikiisha tutazungumza," Mwantumu alikubali.

Lilikuwa neno dogo, lakini Mbwana alilishika. Asubuhi akaenda kwa mkurugenzi, Bi Sheluhinda, kuomba mkewe apumzishwe. Alimkuta anatabasamu mbele ya kioo.

"Injinia, umetufungulia mlango," alisema Bi Sheluhinda. "Mwaka mzima hatujaona mstari umepanda namna hii."

"Ule ni uchungu, Mheshimiwa. Mke wangu alikuwa analia."

"Kipimo chako hakisemi uchungu. Kinasema juu." Akamgeuzia kioo. "Tazama, ratiba Mtambo umeipanga wenyewe. Hauhitaji tena agizo lako. Kheri ataishi tangu mwanzo wa kila filamu, na mwishoni atafariki, kila Ijumaa."

Mbwana alibishana, akaomba, akatishia kuacha kazi. Bi Sheluhinda akamjibu kwa upole kwamba kazi anaweza kuacha, ila kiti ni cha Bi Mwantumu, na yeye mwenyewe ndiye wa kuulizwa. Basi akarudi nyumbani, akasimama nje ya mlango wa chumba cha pili, akamweleza mkewe yote bila kuficha.

"Usiende tena," alimsihi. "Watakufanya uzike kila wiki. Kataa, nami nitaacha kazi, tuhame hata leo."

Mwantumu alifungua mlango.

"Umesema tangu mwanzo wa filamu anakuwa mzima?"

"Anakuwa mzima."

"Anabisha hodi?"

"Anabisha," alisema Mbwana.

"Basi nitakwenda. Mjane huruhusiwa kutoka akiwa na haja."

Akaenda. Alikaa safu ya tatu na nguo zake nyeupe, bila wanja wala udi. Mbwana aliacha chumba cha mitambo akanunua tiketi kama mtu mwingine yeyote, akakaa nyuma yake. Kutoka pale hakuona mstari, aliona kisogo tu. Jumbe alipobisha hodi aliona kisogo hicho kikiinuka kidogo, na saa nzima hakikuinama. Ilikuwa filamu ya kuchekesha, na Mwantumu alicheka, kicheko cha wazi ambacho Mbwana hakuwahi kukisikia nyumbani kwake. Kilimuuma kuliko kilio. Kisha Jumbe akasema ana uchovu, akajilaza.

Nje watu walikuwa wameshapanga foleni mbele ya Ukuta.

"Nzuri, ila yule mama wa mbele apunguze kelele," alisema mmoja. "Wengine tumelipa."

Mbwana alimpita, akamkuta mkewe amesimama penye taa, anafuta uso kwa ncha ya mtandio. Hakumgusa. Alitembea kando yake mpaka walipoiacha foleni nyuma, ndipo akapata ujasiri wa kusema lile neno dogo alilokuwa amelishika wiki nzima.

"Ile miezi minne na siku kumi," alisema. "Wiki moja imeshapita, Mwantumu. Nahesabu."

Mwantumu alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Hesabu upya," alisema. "Amefariki leo."