Waya Uliopita Chini ya Chumba

Asubuhi hiyo Laure alikuwa amemaliza kufua na ameketi kujibu wateja, modemu ilipozima taa ya intaneti kwa mara nyingine. Aliuza vitenge kwa simu, na wanawake wa Lubudi hawangoji. Akaichomoa kwenye umeme, akasubiri, akairudisha. Taa iliwaka, ikatetemeka, ikafa. Alikwisha kubadilisha soketi, chaja, hata mahali pa kuiweka.

Fundi Josias alifika kabla ya mchana. Akapanda nguzo, akapima, akashuka akijifuta jasho.

"Mama, kule juu intaneti iko muzuri. Inapotelea humu mwenu. Waya inapitaka wapi?"

Philippe, mume wa Laure, akajibu kwamba aliupitisha chini ya sakafu ya chumba cha kulala, kwa sababu ya wezi wa shaba. Josias akacheka, akasema hapa Kolwezi hata bapanya banauza shaba. Akawaambia wauvute wote nje, atarudi na mpya. Akawasha pikipiki, akaenda.

Chumba kile, kama vingi vya mtaa ule, kilikuwa na shimo. Philippe na kijana mmoja mchimbaji, Elisée, walichimba kobalti chini ya kitanda mpaka siku udongo ulipoporomoka. Philippe alimwambia mkewe kijana alikuwa ametoka mapema, amerudi kwao Mutshatsha. Kisha akafunika mdomo wa shimo kwa saruji nyembamba, akaacha tundu pembeni. Waya uliingilia humo.

Sasa Philippe akapiga magoti, akaushika pale kwenye tundu, akavuta. Haukuja.

Kisha ukavutwa kutoka chini. Mara mbili, taratibu.

Aliyewahi kupandisha wachimbaji anaijua alama hiyo: mtu wa chini anaomba kutolewa. Philippe aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na mkono wake ulijibu kabla ya akili. Akauzungusha waya kwenye kifundo cha mkono, kama wavutaji wanavyozungusha kamba, akavuta mara mbili naye.

Hapo akaelewa alichokifanya. Uso ukamgeuka majivu.

"Ni Elisée," akanong'ona.

"Ulisemaka alienda kwao."

"Udongo ulipoporomoka alikuwa angali anavuta kamba, mama Glodie," akamwambia mkewe. "Niliiachilia."

Waya ukakaza.

Philippe akaanguka kifudifudi. Saruji ikapasuka. Mkono ukazama mpaka kiwiko, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Waya ukakata ngozi. Ukakata nyama. Damu ikaruka ukutani. Laure akamshika miguu, akavuta kwa nguvu zote, naye akaburutwa. Shavu la mumewe likabanwa sakafuni mpaka jino likang'oka.

Akakimbilia jikoni. Akarudi na panga. Akapiga waya. Panga likaruka nyuma. Akapiga tena. Waya haukukwaruzika hata kidogo. Chini mle, mtu alikuwa akihema.

"Kata mukono," Philippe akasema.

Laure hakulia. Akamwekea goti mgongoni. Pigo la kwanza halikutosha, wala la pili. Alilenga palepale, juu ya kiwiko, kama anayepasua mguu wa mbuzi, na hakufumba macho, maana angekosea. Nyama ya mwisho ilipoachia, wote wawili walitupwa nyuma hadi mlangoni. Mkono ukaenda. Akavua kitenge alichojifunga, akaufunga mshipa.

Philippe alipona. Madaktari waliambiwa ni ajali ya mashine.

Majirani waliambiwa ukweli; wakaja na sururu, wakabomoa saruji, wakashuka na tochi wakachimbua udongo wote, wauzike ule mkono na mifupa ya kijana pamoja. Hawakukuta mkono. Hawakukuta mfupa hata mmoja.

Walikuta waya tu, mahali pakavu. Ulikuwa umekunjwa duara juu ya duara, na ncha yake imechomekwa ndani vizuri. Mvutaji mzee aliyeshika tochi akaumulika, akaanza kupanda juu bila kumngoja mtu. Wachimbaji hukunja kamba hivyo kazi ikiisha, mtu wa mwisho akishatoka shimoni.