Kofia-Pumziko

Saa nane mchana kengele ililia. Wanagenzi wote wa Nyumba ya Kuonja Kahawa, mjini Moshi, wakaweka vijiko chini, wakalala chali na kuvaa kofia-pumziko. Kofia hiyo ilifumwa kwa nyuzi nyembamba za shaba. Iliuzamisha ubongo katika usingizi mzito, ikaubana usiku mzima ndani ya saa moja, na aliyeamka hakuwa na mwayo wala mawenge. Mji mzima uliisifu. Nani hataki kuongezewa maisha?

Ndeshi alikuwa ameanza kuitilia shaka.

Aliingia uanagenzi mwanawe Ombeni akiwa bado mchanga. Kila siku alionja kikombe baada ya kikombe, akivuta kwa kishindo na kutema kama walivyofundishwa, akiitafuta ile harufu ya kitunguu inayotokea kahawa ikivundikwa kupita kiasi. Leo aliipata, kesho yake imempotea kana kwamba hajawahi kuinusa. Hilo angelivumilia. Lililomkereketa lilikuwa la nyumbani: Ombeni alikwisha kuanza kukaa, na mama yake bado hakuweza kupambanua kilio cha njaa na kilio cha usingizi.

"Mama Ombeni, huyo analia tumbo, nawe unamtia ziwa!" mama mkwe wake alikuwa akimwambia. "Huyu mtoto ni wako au umemwazima?"

Ulikuwa utani, lakini ulimchoma. Ndeshi alianza kujiona mama bure.

Ndipo mjomba wake akafariki, huko Marangu. Katika ukoo wao, kwenye msiba mitambo yote huzimwa, na wafiwa hulala chini pamoja mpaka tanga lianuliwe. Ndeshi akalala kwenye mkeka, Ombeni ubavuni, usingizi wa kizamani wa kugeukageuka na kukanyagwa na shangazi wanaokwenda msalani. Siku ya kuanua tanga mtoto alilia asubuhi, na Ndeshi akajikuta amesema, "Huyu anasikia baridi." Akamfunika khanga, na mtoto akanyamaza. Machozi ya furaha yakamtoka, na shangazi zake wakadhani anamlilia mjomba.

Njiani kurudi mjini furaha ile ikageuka swali. Kwa nini aweze kule, ashindwe huku? Alirudi kazini, akavaa kofia. Kesho yake Ombeni alilia, naye akabaki ameduwaa mbele ya mwanawe kama mgeni. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha Ndeshi kilikuwa kichwani.

Siku hiyohiyo akambeba mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja kwa Injinia Kisanga, aliyeibuni kofia. Ofisini mwake ulisimama Ulimi, mtambo wa kuonja kahawa ambao kampuni ilijivunia. Kila siku ulikuwa umeerevuka kuliko jana yake, ingawa hakuna aliyewahi kuuona ukifanya mazoezi.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Mbona na mtoto kazini?"

"Nimekuja kuuliza. Mazoezi nafanya mimi, mbona anayefuzu ni huyu Ulimi?"

Injinia alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Keti, mwanangu."

Akaeleza kwa upole. Sikio na ulimi wa mtu havifuzu wakati wa mazoezi; mchana ubongo hukusanya tu. Ni usingizini unapopepeta, ukapika, ukakitia kila kitu mahali pake. Kofia humwondolea mtu uchovu. Kile kilichopikwa nacho hupita kwenye nyuzi za shaba, kikaingia mtamboni.

"Hamkutuambia."

"Tuliwaahidi pumziko. Pumziko mmelipata."

"Na mwanangu je? Yeye si kahawa."

Injinia akaangalia meza. "Kofia haichagui," alisema. "Inachukua chochote ulichojifunza."

Labda mtoto alisikia moyo wa mama yake ulivyokwenda mbio, kwa maana hapo hapo alianza kulia. Ndeshi akamshusha mgongoni. Akampa ziwa, akalikataa. Akampapasa nguo, zilikuwa kavu. Akambembeleza huku na huku, asijue anambembelezea nini. Kwenye Ulimi taa ya kijani ikawaka.

"Jino," mtambo ulisema kwa sauti tulivu. "Ufizi wa chini. Linamwuma tangu jana."

Injinia aliruka kuuzima, lakini neno lilikwisha kutoka. Ndeshi alipitisha kidole kinywani mwa mwanawe, na ncha ndogo ya jino ikamkwaruza. Aliona aibu kwanza. Kisha ukamshika wivu, wivu mkali kama wa mke mwenza, juu ya kitu ambacho hakijawahi hata kumshika mtoto.

"Nirudishie," alisema.

"Havirudi, mwanangu. Itabidi uanze upya." Injinia alishusha sauti. "Lakini mtihani wako wa kuhitimu uonjaji ni kesho. Nitakupitisha. Uendelee tu kuvaa kofia, na haya yabaki baina yetu."

Ndeshi alimfunga mtoto mgongoni, akaikaza khanga.

"Hapana, naanza leo," alisema. "Nakwenda kulala."