Mpira Wenye Harufu ya Tumbaku

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi moja ya Oktoba 1997, mzee Halvorsen alitoa mpira wa besiboli kwenye kabati lake la kioo, akaunusa, kisha akapiga ukelele uliomwangusha paka kutoka dirishani.

"Huu si wangu!"

Sista Haika, nesi wa zamu kutoka Moshi, alifika mbio. Nyumba nzima ya wazee, pale Saint Paul ughaibuni, iliijua hadithi ya mpira huo. Mwaka 1919 Halvorsen, kijana wa miaka kumi na tisa, aliurusha katika mechi ya mwisho ya msimu, na timu yake, Wakata Magogo, ikawa bingwa. Leo saa nne watu wa makumbusho walikuwa wanakuja kuuchukua.

"Wangu unanuka tumbaku," mzee alifoka. "Siku zile tulitafuna tumbaku, tukautemea mpira mate ili umkorofishe mpigaji. Huu wameupaka rangi tu!"

Ufunguo wa kabati ulining'inia kitandani. Aliyemwogesha mzee kila siku ni Philister, binti wa Kisii. Kwa hiyo Lois, meneja, hakujisumbua kufikiri.

"Philister, vaa koti lako. Kazi huna. Mengine utawaeleza polisi."

"Haki ya Mungu, sijaugusa! Sista, waambie! Nikifutwa hapa, masomo yangu ya unesi yameisha."

Mlangoni alisimama Brandon, mjukuu wa mzee, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika chupa ya kinywaji asiyoiacha hata kanisani.

"Kuulowesha mpira kwenye chai!" alicheka. "Nyie Wakenya na chai yenu!"

Lois aligeuka. "Chai? Basi ni Enock!"

Enock, dereva wao Mkenya aliyepika chai kila asubuhi, aliitwa akaja na sufuria mkononi. Haika akaupeleka mpira puani. Chai kweli. Akauzungusha, vidole vikanata.

"Enock, chai yako unaipikaje?"

"Si unaijua, Sista? Maziwa nusu, maji nusu, majani na tangawizi. Vyote vinachemka pamoja mpaka ipande."

"Na bila maziwa?"

"Bila maziwa? Kwani nani amekufa?"

Philister alicheka huku machozi yakimtoka.

"Mpira ukilala kwenye sufuria hiyo," Haika alisema, "asubuhi unanuka maziwa yaliyochacha. Huu hauna hata tone la maziwa. Una sukari. Na limau." Akamgeukia Brandon. "Kaka, umesimama hapo mlangoni tangu ufike. Mpira hujaukaribia. Mimi nimejua ni chai baada ya kuunusa. Wewe ulijuaje?"

"Nili... nilikisia tu."

"Hebu tusomee hiyo chupa."

Brandon hakusoma. Enock alimsomea, kwa sauti ya mhubiri. "Chai baridi. Yenye limau! Jamani, hii si chai, hii ni dawa ya kikohozi iliyosahaulika!"

"Jana ulikuja kumwona babu," Haika aliendelea. "Akasinzia, ukachukua ufunguo. Ulijua humu ndani harufu ya chai itawaangukia Wakenya. Ila hujawahi kuinywa chai yao. Sasa toa mkono mfukoni."

Mkono ulitoka taratibu, na mpira mweusi kama buti kuukuu. Chumba kikanuka tumbaku.

"Uliniahidi!" Brandon alilipuka. "Nilikuwa na miaka minane, babu! Ulisema utakuwa wangu. Halafu ukawapa makumbusho!"

Mzee alimgeukia.

"Kweli niliahidi. Nikasahau. Ungenikumbusha, ningewarudisha hao watu njiani. Lakini umemwacha binti huyu alie mbele yako, na wewe unakunywa." Akanyoosha kiganja. "Lete."

Akauweka mpira kati ya vidole vilivyopinda, akaukaza, na bila onyo akamrushia Philister.

"Mungu wangu!" Lois alipiga kelele.

Philister, koti lake limevaliwa nusu, aliudaka kwa mkono mmoja.

"Nani kakufundisha?" mzee aliuliza, macho yamemtoka.

"Raundasi, mzee, ndugu ya besiboli. Shule ya msingi. Wasichana wote tulicheza."

Lois alikohoa. "Philister, nisamehe. Vua hilo koti, zamu yako haijaisha."

Honi ikalia nje. Makumbusho.

"Wasubiri," mzee alisema, akijisukuma aketi vizuri. "Urudishe, binti. Urushe kwa nguvu."