Mama Pasi na Chakula Kibichi

Majirani wote walimwita Mama Pasi. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo katika duka la dobi. Alisimama tangu asubuhi hadi jioni. Mvuke ulimpanda usoni, mgongo ulimuuma, miguu ilivimba. Akirudi nyumbani, kazi nyingine ilimngoja jikoni.

Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku. Mke akitoka, mume anaingia. Walipishana mlangoni, mmoja ananuka sabuni, mwingine ananuka baridi. Waliishi na binti yao mdogo na mama wa mume, ambaye wote walimwita Bibi.

Chakula chao kilikuwa cha kuondoa njaa tu: viazi vya kukaanga, mkate, chai yenye sukari nyingi. Mboga zilipikwa mpaka zikapoteza rangi. Matunda yalinunuliwa mtu akiugua.

Mama Pasi alichoka. Wala haukuwa uchovu wa kazi peke yake. Alilala amechoka, akaamka amechoka. Akipanda ngazi za dukani alihema kama aliyebeba gunia. Choo nacho kilikuwa kigumu, akaona haya kumwambia mtu.

Siku moja mwenzake anayepokea nguo za wateja alimsimulia habari aliyoiona kwenye simu. Kuna watu wameacha kupika kabisa. Wanakula kila kitu kibichi. Wanasema moto unaua chakula, na kwamba anayekula kibichi hachoki tena.

Mama Pasi alisikiliza huku pasi ikienda na kurudi. Kusema kweli, neno lililomwingia moyoni halikuwa afya. Lilikuwa lile la kutopika.

Jioni aliwaambia watu wa nyumbani kwamba kuanzia kesho jiko halitawashwa. Mumewe aliuliza kama gesi imekwisha. Bibi alitikisa kichwa.

"Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao," alisema.

"Mama, nimechoka," alijibu Mama Pasi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Walikula karoti, matango, mapapai na machungwa. Choo kililainika. Mama Pasi alijihisi mwepesi, akadhani amepata dawa.

Kisha njaa ikaingia nyumbani. Mumewe alikwenda kazini na kabichi mfukoni. Alisema mwizi angemsikia akitafuna kabla yeye hajamsikia mwizi. Walicheka, lakini tumbo la mume lilikuwa likinguruma wakati wa kucheka. Binti alisinzia darasani. Mama Pasi mwenyewe alianza kuona kizunguzungu. Alishika meza ya pasi, akangoja kipite.

Akafikiri kwamba wanakosa chakula cha kushibisha. Basi akaloweka maharage mekundu usiku kucha. Asubuhi aliyachuja, akayachanganya na nyanya na vitunguu, akakamulia ndimu. Yalipendeza kwa macho. Yeye mwenyewe hakuyaonja, maana alikuwa amechelewa. Alimwachia Bibi bakuli, akatoka mbio.

Mchana mumewe alipiga simu dukani. Bibi anatapika, hawezi hata kusimama.

Mama Pasi alifika nyumbani na aproni ya kazi mwilini. Bibi alikuwa amelala kwa ubavu, midomo imekauka. Kando yake alikaa jirani yao, nesi wa kituo cha afya. Alikuwa ametoka zamu, hata viatu hajavua. Alikuwa akimnywesha Bibi kidogo kidogo maji yaliyochanganywa na chumvi ya pakiti, ile inayorudisha maji mwilini.

Nesi aliuliza Bibi amekula nini. Mama Pasi alionyesha bakuli. Lilikuwa tupu.

"Nimempa mimi," alisema. Akakaa sakafuni kando ya Bibi.

Walimpeleka Bibi kituo cha afya. Alitundikiwa dripu. Jua lilipoanza kushuka, kutapika kulikoma, akapata usingizi. Ndipo Nesi akaketi na mume na mke kwenye benchi la nje. Wote watatu walikuwa hoi.

"Jirani, hukukosea kupenda matunda na mboga mbichi," alisema Nesi. "Ni chakula kizuri. Vinalainisha choo, na vina baadhi ya vitamini ambazo moto huzipunguza. Ulikosea kudhani kila kitu huliwa hivyo."

Akawaeleza polepole. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake. Kuyaloweka peke yake hakuiondoi. Yalowekwe, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mengine. Yatokote kwa nguvu, yaendelee mpaka yalainike kabisa. Muhogo pia una sumu. Umenywe, upikwe vizuri. Nyama, samaki na mayai vipikwe mpaka viive, na maziwa yachemshwe, maana vikiwa vibichi huweza kubeba vijidudu vya maradhi.

"Kwa hiyo moto si adui," alisema mume.

"Moto ni rafiki wa maharage. Papai halimhitaji," alijibu Nesi.

Akaongeza kwamba hata kinacholiwa kibichi kina masharti. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni. Matunda na mboga vioshwe kwa maji safi yanayotiririka, hata tunda litakalomenywa. Kama maji hayaaminiki, yachemshwe na kupoozwa kwanza. Kisu kilichokata nyama kisiguse kachumbari kabla hakijaoshwa kwa sabuni. Wazee, watoto na wajawazito waangaliwe zaidi, kwa kuwa ugonjwa wa tumbo huwaangusha upesi.

Mama Pasi aliuliza mbona basi uchovu wake hauishi. Nesi alimvuta kope ya chini, akatazama. Ilikuwa imepauka. Akamtaka apimwe damu palepale. Majibu yalionyesha kwamba damu imepungua. Daktari alimpa vidonge vya madini ya chuma, akamwambia arudi kupimwa tena.

Nesi alimshauri ale maharage yaliyoiva, mboga za majani, na nyama au samaki akivipata. Ale na chungwa, kwa sababu linausaidia mwili kuyachukua madini yale. Chai asiinywe pamoja na mlo, maana huyazuia madini hayo.

"Na kuna uchovu ambao hauna kidonge," alisema Nesi. "Huo unataka mtu wa kukusaidia."

Mume alimgeukia mkewe.

"Maharage nitayachemsha mimi," alisema. "Nikirudi asubuhi, kabla sijalala."

Bibi alirudi nyumbani siku iliyofuata. Mama Pasi alimwomba msamaha. Bibi alimwambia kwamba aliyechoka haoni vizuri, na kwamba yeye bado ana mikono, apewe mboga azioshe akiwa amekaa.

Ikawa hivyo. Asubuhi mume alichemsha maharage, akilala sufuria inapoa. Mwanzoni yaliungua, wakayala hivyohivyo. Bibi aliosha karoti na matango. Binti akitoka shule alimenya machungwa. Kila sahani ilikuwa na kilichopikwa na kibichi kilichooshwa vizuri.

Uchovu haukuondoka kwa siku moja. Ulipungua kama maji yanavyokauka sakafuni. Mama Pasi aliporudi kupimwa, damu ilikuwa imeongezeka. Ngazi za dukani alizipanda bila kusimama katikati. Mumewe alisema na yeye sasa anakesha bila kusinzia.

Jioni moja Mama Pasi alirudi kutoka kazini, miguu ikimuuma kama kawaida. Alivua viatu, akaelekea jikoni. Bibi akamwonyesha kiti. Maharage yalikuwa mezani, yamepashwa moto. Kando yake palikuwa na karoti zilizokatwa na papai lililomenywa.

Mama Pasi aliketi. Alikula mpaka akashiba, na hakuna aliyemwita ainuke.